Sauti inayotembea: mwongozo wa modulesheni kwenye sinthesaiza ya Vital

Bonyeza noti moja kwenye sinthesaiza yoyote iliyofunguliwa upya, uishikilie. Sekunde ya kwanza unasikia sauti. Sekunde ya tatu sikio limeshaizoea, na ya tano unatamani ikome. Hakuna kilichoharibika. Wimbi ni lilelile, ukubwa uleule, mng'ao uleule, na sikio la binadamu hulipuuza upesi jambo lisilobadilika. Sasa piga uzi mmoja wa gitaa. Noti ni moja vilevile, lakini ndani yake mna safari nzima: mwanzo mkali wenye hamoniki nyingi (sauti ndogondogo za juu zinazoandamana na noti), kisha hamoniki za juu zinakufa haraka kuliko za chini, sauti inalainika, inapungua, inaisha. Hiyo ndiyo tabia ya uzi. Sinthesaiza haina uzi, kwa hiyo tabia sharti uiandike wewe, na kuiandika huko ndiko modulesheni.

Nalisisitiza hili kwa sababu vijana wengi wanaoanza kutengeneza biti hubadilisha priseti (sauti zilizopangwa tayari) kila wiki, kisha hurundika rivabu (mwangwi wa chumba) na dilei (mwangwi unaojirudia) juu ya sauti iliyolala. Rivabu inakupa chumba. Haiwezi kumfufua aliyemo chumbani. Sauti ikiwa na mwendo wake wa ndani, hata ikiwa kavu kabisa, inasimama yenyewe mbele ya ngoma na mwimbaji.

Nitatumia Vital, iliyotengenezwa na Matt Tytel na kutolewa Novemba 2020. Nimeichagua kwa sababu mbili: toleo lake la msingi ni la bure na injini yake ni ileile ya matoleo ya kulipia, na kila kinachosogea ndani yake unakiona kikisogea kwenye skrini. Inafunguka ndani ya programu za kurekodia kama FL Studio, Ableton Live, Reaper na nyinginezo, au peke yake. Kama unatumia Surge XT, ambayo nayo ni ya bure, au Serum, mpangilio wa skrini utatofautiana lakini mantiki ni moja. Vaa hedifoni. Spika ndogo za laptopu zinameza besi, na nusu ya kazi hii iko huko chini.

Chanzo, shabaha, kiasi

Kila modulesheni, iwe kwenye mashine ya zamani yenye nyaya au kwenye programu, ina mambo matatu. Chanzo ndicho kinachosogeza: envelopu (umbo linaloanza upya kwa kila noti), LFO (wimbi la polepole linalojirudia), kidole chako, bahati nasibu. Chanzo hakitoi sauti yoyote. Kinatoa namba zinazopanda na kushuka. Shabaha ni nobu, yaani kitufe cha kuzungusha, inayosogezwa: katofu ya filta (mpaka ambapo filta inaanza kukata sauti), pichi (ujuu au uchini wa noti), ukubwa wa sauti, fremu ya wimbi (umbo moja kati ya mengi ambayo wimbi linaweza kupitia). Kiasi ni umbali ambao chanzo kinaruhusiwa kuisogeza nobu hiyo, na kinaweza kuwa hasi, yaani chanzo kikipanda nobu inashuka.

Kuna jambo la nne linalosahaulika: mwelekeo. Modulesheni ya upande mmoja huanzia pale ulipoiacha nobu na kwenda upande mmoja tu. Ya pande mbili huizungusha nobu juu na chini ya pale ulipoiacha. Kwa katofu, upande mmoja mara nyingi ndio unaofaa. Kwa pichi, ukitaka mtetemo, tumia pande mbili, la sivyo sauti yako nzima itasikika imepanda kidogo kuliko vyombo vingine na utashindwa kujua kwa nini.

Kabla ya kuburuta chochote, sema kwa maneno ya kawaida unachotaka. "Nataka sauti ianze kali kisha ilainike." Hapo chanzo ni envelopu, shabaha ni katofu, kiasi ni cha wastani. "Nataka noti ndefu itetemeke." Chanzo ni LFO, shabaha ni pichi, kiasi ni kidogo sana. Ukishindwa kuitamka sentensi hiyo, rudi kwanza uusikilize wimbo wako. Kuburuta ovyo kunaweza kukupa kitu kizuri, lakini hutaweza kukirudia kesho kwenye wimbo mwingine.

Hatua ya 1: Anza na sauti tupu

Rudisha Vital kwenye priseti yake ya mwanzo. Acha osileta (kitengo kinachotoa wimbi) moja tu iwashwe. Chagua wimbi la msumeno, kwa sababu lina hamoniki zote, hivyo filta itakuwa na cha kukata. Zima efekti zote, hasa rivabu, maana inaficha mwanzo na mwisho wa noti, na mwanzo na mwisho ndivyo tunavyovishughulikia. Washa filta ya kwanza, uchague ile inayopitisha sauti za chini, na uhakikishe osileta yako imeelekezwa kwake.

Katika programu yako ya kurekodia, andika mstari mfupi wa noti uurudie mfululizo: noti chache fupi, mbili ndefu, moja ya chini sana na moja ya juu sana. Usijaribu sauti kwa kubonyeza noti ileile moja. Sauti nyingi hupendeza kwenye noti ya katikati na kuharibika kwenye oktava ya tatu, na utagundua wimbo ukiwa umeshapangwa.

Hatua ya 2: Envelopu ya kwanza, umbo la ukubwa

Kwenye Vital, envelopu ya kwanza imeshaunganishwa na ukubwa wa sauti. Ina ataki, muda wa kupanda. Dikei, muda wa kushuka kutoka kileleni. Sasteni, kiwango inachokaa ukiwa bado umeshikilia noti. Na rilizi, muda wa kuzimika ukiiachia. Hizi nne zimetokana na mashine za Robert Moog za miaka ya 1960, na hadi leo sinthesaiza nyingi zinazo.

Ataki, dikei na rilizi ni muda. Sasteni ni kiwango. Anayeanza huipandisha sasteni akitarajia noti irefuke, anashangaa haibadiliki. Noti inarefuka kwa kidole chako, na baada ya kidole, kwa rilizi.

Ipimie envelopu kwa kasi ya wimbo, hapo ndipo hesabu inasaidia. Gawanya 60 kwa kasi ya wimbo upate urefu wa biti moja, yaani pigo moja, kwa sekunde. Kwa Bongo Fleva ya biti 100 kwa dakika, biti moja ni sekunde 0.6, na robo yake ni milisekunde 150. Kwenye singeli ya biti 200, biti moja ni milisekunde 300 na robo yake ni 75 tu. Ukiweka ataki ya milisekunde 80 kwenye singeli, noti za robo biti zinaisha kabla hazijafika kileleni: mstari unaonekana upo kwenye skrini, sikioni haupo. Kwa kasi hiyo ataki iwe chini ya milisekunde 5 na rilizi iwe fupi, vinginevyo mikia ya noti inapandana na kuwa uji. Wimbo wa polepole unakupa nafasi ya ataki ya milisekunde 40 au 60, na sauti ikaingia kwa heshima.

Ukisikia mlio mdogo wa "tk" mwanzoni au mwishoni mwa noti, wimbi limekatwa ghafla. Ongeza milisekunde 2 au 3 kwenye ataki au rilizi, unaondoka.

Hatua ya 3: Envelopu ya pili, umbo la mng'ao

Hapa ndipo sauti inapopata sura, na ningekuwa na muda wa kumfundisha mtu jambo moja tu ningemfundisha hili.

Shusha katofu hadi wimbi la msumeno lipoteze makali yote na kubaki na mwili tu. Nenda kwenye envelopu ya pili: ataki sifuri, dikei sekunde 0.4, sasteni sifuri. Sasa shika alama ya kuburuta iliyo kwenye envelopu hiyo, iburute hadi kwenye nobu ya katofu, uiachie. Kiduara kidogo kitatokea kando ya nobu: hicho ndicho kiasi. Kizungushe polepole huku mstari wako wa noti ukicheza. Utasikia kila noti ikifunguka kwa mng'ao kisha kujifunga, na kwenye skrini utaona mstari wa rangi ukiizunguka katofu kufuata envelopu.

Nafasi ya kuanzia ya katofu ina uzito kuliko kiasi chenyewe. Katofu ikiwa tayari juu kabisa, envelopu inasukuma nobu iliyofika mwisho wa njia, nawe unaongeza kiasi bila kusikia kitu. Modulesheni inahitaji nafasi ya kwenda. Kila mara unapohisi kwamba chanzo hakifanyi kazi, angalia kwanza shabaha imekaa wapi.

Sasa badilisha dikei peke yake, usiguse kingine. Kwenye sekunde 0.1 unapata mdonoo mkavu, kitu kinachofaa mistari ya haraka iliyojaa noti. Kwenye 0.4 ni uzi uliopigwa. Kwenye 1.5 ni kinanda kizito kinachojifunga taratibu. Ni osileta ileile na filta ileile; umebadilisha muda mmoja ukapata vyombo vitatu.

Kisha ipe ataki: sekunde 0.08, na sasteni nusu. Sauti inaanza kuelekea tarumbeta, na sababu yake ni ya kweli kabisa. Kwenye vyombo vya shaba mng'ao huongezeka pamoja na nguvu ya pumzi. Mpigaji akianza noti, hamoniki za juu huingia zikiwa zimechelewa kidogo nyuma ya zile za chini. Envelopu yako imeiga hilo.

Jaribu pia kiasi hasi: panga katofu juu, envelopu iwe na dikei ya sekunde moja, kiasi chini ya sifuri. Noti inaanza imefunikwa na kufunguka baadaye. Hii inapendeza sana kwa akodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zinazokaa nyuma ya mwimbaji, kwa kuwa mwanzo wa noti unamwachia mwimbaji silabi yake.

Ukimaliza, linganisha envelopu zako mbili. Kama ya kwanza inazima sauti ndani ya sekunde 0.3, dikei ya sekunde 1.5 kwenye ya pili haina kazi. Filta inaendelea kujifunga juu ya ukimya. Ya ukubwa iishi muda mrefu kuliko ya mng'ao.

Envelopu ya tatu unaweza kuielekeza kwenye pichi kwa ajili ya ngoma. Badilisha wimbi liwe la saini, liwe laini lisilo na hamoniki, weka dikei ya milisekunde 50 hivi, na kiasi kinachopandisha pichi oktava mbili. Noti inaanza juu na kudondoka ghafla hadi mahali pake, na sikio linasikia kishindo cha goma la chini. Ukirefusha dikei kidogo na kuongeza distoshen (mkwaruzo), unakaribia besi yenye mdundo kama ile ya amapiano.

Hatua ya 4: LFO, na fidla ya taarab

LFO ni osileta ya polepole mno kusikika yenyewe, unasikia inachokisogeza. Wengi wanaifahamu kwa besi inayosema "wau wau", yaani LFO kwenye katofu ikifuata kasi ya wimbo. Hiyo ni rahisi: weka LFO kwenye mpigo wa moja ya nane, iburute hadi katofu, basi. Nataka tukae na kitu kigumu zaidi.

Msikilize mpiga fidla wa taarab ya Zanzibar akishika noti ndefu mwishoni mwa kiitikio. Noti inaingia imenyooka. Inakaa kidogo. Halafu mtetemo unaanza, mdogo, unakua, na mng'ao unatetemeka pamoja na pichi. Kwenye noti fupi hakuna mtetemo kabisa. Priseti nyingi za nyuzi hutetemeka tangu sekunde sifuri kwa kiasi kilekile, na ndiyo maana kinanda kinachojaribu kushika nafasi ya fidla hujulikana mara moja.

Tuijenge. Kama ulijaribu ngoma, rudisha wimbi la msumeno na uiondoe envelopu ya tatu kwenye pichi. Envelopu ya kwanza: ataki sekunde 0.06, sasteni juu, rilizi 0.25. Katofu iwe wazi kiasi, makali yasikike bila kukwaruza. Nenda kwenye LFO ya kwanza. Vital huanza ikiwa imeifunga LFO kwenye kasi ya wimbo. Ibadilishe isome sekunde, kwa sababu kiwiko na vidole vya mpiga fidla havihesabu biti. Weka mzunguko mmoja kwa sekunde 0.18, yaani karibu mizunguko 5 na nusu kwa sekunde. Mtetemo wa waimbaji na wapiga fidla mara nyingi huwa kati ya mizunguko 5 na 7. Chora umbo la LFO liwe mviringo laini, lisilo na ncha.

Buruta LFO hadi kwenye nobu ya tyuni ya osileta, ile ya senti (senti 100 ni semitoni moja), usiipeleke kwenye ya semitoni. Bofya kiduara cha kiasi kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague pande mbili. Pandisha kiasi hadi mtetemo usikike wazi, takribani senti 20 juu na 20 chini. Kwa sasa unatetemeka muda wote, na hilo ndilo tunalotaka kuliondoa.

Fungua ukurasa wa matriksi. Kila modulesheni uliyoiweka ina mstari wake hapo: chanzo upande mmoja, shabaha upande mwingine, kiasi katikati. Kiasi hicho nacho kinaweza kuwa shabaha. Andaa envelopu ya tatu: muda wa kusubiri sekunde 0.25, ataki sekunde 0.6, sasteni juu kabisa. Iburute envelopu hiyo hadi kwenye kiasi cha mstari wa LFO na tyuni. Shusha kiasi cha asili kiwe sifuri, halafu pandisha kile cha envelopu hadi ufikie mtetemo uleule uliokuwa nao.

Piga noti fupi: imenyooka. Shikilia ndefu: inanyooka, inasubiri, inaanza kutetemeka, inakua. Vyanzo ni viwili, kimoja kinatetemesha na kingine kinaamua lini.

Bado mambo mawili. Buruta LFO ileile hadi katofu kwa kiasi kidogo mno, na mstari huo nao uuwekee envelopu ya tatu. Kwenye fidla halisi mtetemo wa kidole hubadilisha ukubwa na mng'ao pia, kwa kuwa mwili wa chombo huitikia masafa mengine kwa nguvu na mengine kwa udhaifu; pichi ikitetemeka peke yake sikio linahisi kuna kitu kimekosekana. La pili, chukua chanzo kimoja cha bahati nasibu, kikiwa cha polepole, ukipeleke kwenye kasi ya LFO kwa kiasi kidogo. Hakuna mkono unaotetemeka kwa kasi ileile dakika nzima.

Kama una kinanda cha MIDI, kile kinachotuma noti kwenye kompyuta, chenye gurudumu la modulesheni, weka gurudumu mahali pa envelopu ya tatu. Mkono wa kulia unapiga, wa kushoto unaamua mtetemo uje lini na ukue kiasi gani. Kwa kurekodi taarab ya kisasa ningechagua gurudumu bila kusita, maana mpigaji anausikia ushairi, na envelopu haiusikii.

Kuhusu namna LFO inavyoanza: ikiwa katika hali ya kuanza upya kwa kila noti, mzunguko hurudi mwanzoni kila ukibonyeza. Hii ni nzuri kwa besi, kila pigo linafanana. Ikifuata wimbo, inaendelea kuzunguka bila kujali noti zinaingia wapi. Ipo pia hali ya kuzunguka mara moja na kukoma. Hapo LFO inageuka envelopu unayoweza kuichora umbo lolote, na wengi hawajui kwamba chombo hicho wanacho.

Hatua ya 5: Vidole

Velositi ni nguvu uliyobonyezea noti. Kawaida huongoza ukubwa peke yake, na hilo ni dogo mno. Ngoma, gitaa, marimba, vyote vikipigwa kwa nguvu vinapata mng'ao zaidi, si sauti kubwa tu. Buruta velositi hadi kwenye kiasi cha envelopu ya pili kwenye katofu. Ukipiga taratibu filta inafunguka kidogo, ukipiga kwa nguvu inafunguka sana. Kama huna kinanda na unaandika noti kwa kipanya, badilisha velositi za noti zako kwa mkono, ukisisitiza mapigo yanayobeba mwendo wa ngoma. Ukiacha zote kwenye 100, hatua hii haina maana.

Chanzo kingine ni noti yenyewe. Filta iliyotulia sehemu moja huacha noti za chini ziking'aa na za juu zikiwa zimezibwa, kwa sababu noti za juu zimeshaikaribia katofu. Pandisha nobu ya filta inayofuata kinanda hadi mng'ao ulingane kuanzia noti ya chini hadi ya juu. Ule mstari wako wa majaribio wenye noti mbili za mbali ndio utakaokuonyesha.

Hatua ya 6: Bahati nasibu

Vital ina vyanzo vya nasibu vya mitindo kadhaa. Kimoja huruka ghafla kutoka thamani hadi thamani. Kingine huelea taratibu. Kuna hata kinachofuata milinganyo ya Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani aliyeichapisha 1963 akichunguza mwendo wa hewa: njia yake hairudii kamwe, lakini haitoki nje ya mipaka.

Kwa akodi ndefu, peleka kile kinachoelea kwenye fremu ya wimbi, na LFO ya polepole sana, mzunguko mmoja kwa sekunde 10 au zaidi, kwenye katofu. Akodi ileile ikijirudia mara nne haitafanana. Kiasi kiwe kidogo hadi msikilizaji asiweze kukuonyesha kilichobadilika. Nasibu kwenye pichi ya besi usiiweke. Besi ikiyumba wimbo mzima unayumba.

Hatua ya 7: LFO ikizidi kasi

Pandisha kasi ya LFO iliyo kwenye pichi. Hadi karibu mizunguko 20 kwa sekunde bado unasikia mtetemo. Ikipita hapo, sikio haliwezi tena kuzihesabu zile nyendo, na badala ya mtetemo unasikia rangi mpya ya sauti. John Chowning aliliona hili mwaka 1967 akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, akifanya majaribio ya mtetemo uliokithiri. Yamaha walinunua haki ya kuutumia ugunduzi huo, na mwaka 1983 wakatoa DX7, kinanda kilichosikika kwenye nyimbo za dunia nzima miaka hiyo.

Kwenye Vital huhitaji LFO kwa kazi hii. Washa osileta ya pili, ishushe ukubwa hadi sifuri ili isisikike yenyewe, kisha kwenye osileta ya kwanza chagua upotoshaji wa FM, yaani modulesheni ya masafa, unaotoka kwenye ya pili. Weka zote mbili kwenye wimbi la saini. Pandisha osileta ya pili oktava mbili. Sasa peleka envelopu yenye dikei ya sekunde 0.3 kwenye nobu ya kiasi cha FM. Unapata kengele na kinanda cha umeme: mgongano wa chuma mwanzoni, halafu utulivu wa saini. Ukiondoa envelopu na kuiacha FM juu muda wote, unabaki na mlio wa chuma unaochosha. Uzuri wa FM wote umo katika namna inavyopungua.

Hatua ya 8: Makro

Makro ni nobu moja inayosogeza shabaha nyingi. Vital ina 4. Zitumie kwa maamuzi ya kimuziki, na uzipe majina ya kimuziki: "mng'ao", "mtetemo", "hasira". Kwa mfano, "hasira" ifungue katofu kidogo, iongeze distoshen, ifupishe dikei ya envelopu ya pili, na wakati huohuo ishushe ukubwa wa jumla ili sauti ikikasirika isilipue miksi. Hilo la mwisho watu hulisahau, kisha wanadhani sauti imekuwa bora kumbe imekuwa kubwa. Makro hiyo ndiyo utakayoichora kwenye programu yako ya kurekodia ipande kuelekea kiitikio, badala ya kuchora mistari minne.

Ukaguzi kabla ya kuhifadhi

Rudi kwenye matriksi. Zima mstari mmoja mmoja wimbo ukicheza pamoja na ngoma na sauti ya mwimbaji, usiifanye kazi hii chombo kikiwa peke yake. Ukizima mstari na usisikie tofauti, ufute. Unakula nguvu za kompyuta bure, na kwenye laptopu ya kawaida sauti nne zilizosheheni zinatosha kuleta kukatakata. Kwa mstari unaobaki, jaribu kupunguza kiasi kwa theluthi. Mara nyingi sauti inakaa vizuri zaidi.

Kisha geuza miksi yote iwe mono, yaani sauti moja isiyotenganisha kulia na kushoto. Modulesheni zilizotanuliwa kulia na kushoto hupendeza kwenye hedifoni, lakini simu nyingi, spika za dukani na mitambo mingi ya shereheni hutoa mono, na hapo mwendo ulioujenga pembeni unaweza kupungua au kupotea. Mwendo muhimu uwe kwenye katofu, pichi na ukubwa, unaosikika popote. Upana wa kulia na kushoto uwe nyongeza. Usiupeleke kwenye noti za chini kabisa.

Hifadhi priseti kwa jina linalosema inafanya nini, "fidla mtetemo unachelewa", usiiite "sauti mpya 3". Ukimaliza, fungua priseti mojawapo iliyokuja na Vital unayoipenda, nenda moja kwa moja kwenye matriksi yake, na usome kila mstari kwa sauti kama sentensi: kitu hiki kinasogeza kile, kwa kiasi hiki. Zima mistari hiyo mmoja baada ya mwingine hadi ujue ni upi uliokufanya uipende, kisha uuhamishie kwenye sauti yako.